Foronya za Bafta

Nianze na upumbavu wenyewe, maana nikianza na mengine nitajikuta najitetea. Nilichukua sanda ya bibi yangu nikaishonesha foronya. Foronya mbili, na shuka moja lenye lesi kuzunguka. Bibi alikuwa hai, amekaa kwenye foleni ya daktari pamoja na mama, na mimi huku nyumbani Kibaha nikamtandikia kitanda kikapendeza mpaka nikakipiga picha.

Picha ninayo bado. Sijamwonyesha mtu.

Niko kidato cha tatu. Darasani nina majina matatu na hakuna hata moja ambalo mama angependa kulisikia. Kazi yangu hasa ni kuchekesha watu. Shule naifanya muda unaobaki. Mwalimu wa nidhamu aliwahi kuniambia ipo siku nitacheka mahali pasipochekwa, nikamjibu kwamba mahali hapo bado hapajajengwa. Nilikula fimbo, lakini darasa zima lilicheka, kwa hiyo niliona tumetoka sare.

Bibi, mama yake mama, alikuwa mke wangu. Asiye na bibi wa Kisarawe nimweleweshe: kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, na utani huo hauna likizo. Tangu nipate akili aliniita mume wangu, akanidai kanga za sikukuu, akanishitaki kwa majirani kwamba simhudumii. Nikifika mlangoni kwake nasema, "Shikamoo, mke wangu," na yeye bila kuinua macho kwenye ungo wake anajibu, "Marahaba, mwanaume suruali. Umekuja mikono mitupu tena?" Basi hapo ndipo mapenzi yanapoanzia.

Miguu yake ilipoanza kuvimba na pumzi kuwa fupi, mama alikwenda Kisarawe akarudi naye. Daktari alisema ni moyo, umechoka, na kwamba awe karibu na hospitali. Lakini mama alikuwa na lake zaidi ya daktari. Babu alipofariki mama alikuwa kazini Dar, na alipofika alikuta kaburi limeshafukiwa, udongo umemwagiwa maji, watu wananawa mikono. Jambo hilo halizungumzi. Alilisema mara moja tu, anakata mchicha, kisu hakikusimama: "Kwa mama sitachelewa." Hakunitazama.

Kwa hiyo mama alitaka kitu kimoja tu, Bibi akae. Na Bibi hakuonyesha dalili ya kukaa. Wiki ya kwanza alilala na mama kitanda kimoja, na kila siku alikuwa na kesi mpya. Maji ya bomba yana ladha ya msumari. Majirani wa Kibaha wanasalimiana kwa honi. Malori ya barabara ya Morogoro yanapita kichwani kwake. Jioni, chakula kikishaliwa, anafuta mdomo kwa ncha ya kanga na kuuliza, "Lini mnanirudisha kwangu?"

"Kesho kutwa, mama," mama anasema.

"Kesho kutwa yenu ina miaka mingapi?"

Na mama anaanza kumbembeleza. Anamkanda miguu, anamhesabia faida za kukaa, anamwahidi samaki wa Jumapili. Mimi nachangia kwa kusema akiondoka naoa mwingine, tena kijana. Bibi anasonya, ila anakuwa amefurahi.

Siku moja, shule zimefungwa, mama alinifuata uani nikiwa nafua soksi. "Utalala sebuleni. Chumba chako anahamia Bibi. Kesho tunakwenda kliniki, tutachelewa kurudi. Kitengeneze. Nataka akiingia mle asitamani kutoka."

"Nifunge mlango kwa nje?"

"Kitengeneze," alisema mama, na akaniwekea hela ya mashuka chini ya sabuni. "Na nguo zake zipange kabatini. Zimekaa kwenye begi kama za mtu wa stendi."

Sasa chumba changu. Godoro lilikuwa na bonde lenye umbo langu, hadi mkono uliokunjwa ulionekana. Shuka lilikuwa la katuni, lililonunuliwa nikiwa darasa la tatu, katuni wenyewe walishafutika macho kwa kufuliwa. Niliingia kwenye simu nikatafuta namna watu wastaarabu wanavyopanga vyumba. Nilisoma kwa bidii ambayo mwalimu wa jiografia hajawahi kuipata kwangu. Kumbe kitanda cha mtu anayejielewa kina tabaka, kama keki. Kuna shuka la chini, kuna la juu, kuna blanketi linalokunjwa miguuni kwa ajili ya kupendeza tu, na kuna mito ambayo hailaliwi. Mito ipo pale inatazamwa. Ukitaka kulala unaitoa, ukiamka unairudisha, na hiyo ndiyo ajira yako duniani. Chumba kidogo chenye dirisha dogo, walisema, kipewe rangi nyeupe na rangi za maziwa, na vitambaa vya pamba, mwili upumue. Hilo la kupumua ndilo lililoniingia. Bibi alikuwa na shida hiyohiyo.

Asubuhi walipoondoka nilikwenda sokoni Kwa Mathias, upande wa wauza mashuka ya mtumba.

"Dogo, unatafuta la nani?" muuzaji aliniuliza.

"La mke wangu."

"Una mke wewe?"

"Ana presha, ana moyo, ana meno manne, na bado ananiringia."

Alicheka akanifungulia belo lingine, la chini, ambalo nadhani alikuwa amewawekea watu wa maana. Alinionyesha blanketi zito lenye chui anayetoa meno. Nikamwambia mgonjwa wangu ana moyo, akiamka akakuta chui kifuani utakuja kuzika wewe. Nilichukua blanketi la rangi ya chai ya maziwa, jepesi, laini kama sikio la mbuzi. Lakini mashuka meupe hayakunipa raha. Moja lilikuwa na alama ya pasi, lingine lilikuwa na doa la kahawia ambalo mimi na muuzaji tulilitazama pamoja kisha kila mtu akaangalia kwake. Nikarudi nyumbani na blanketi na mito miwili, bila shuka jeupe, nimeudhika kama bwana harusi aliyekosa viatu.

Ndipo nikafungua begi la Bibi nipange nguo kama nilivyoagizwa. Lilikuwa lile begi kubwa la mistari ya miraba, shangazi kaja. Nikatoa magauni, jozi za kanga, chupa ya dawa ya kuchua, kitana, tasbihi. Chini kabisa kulikuwa na kifurushi kimefungwa kwenye kanga iliyochujuka, ndani yake mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko kitambaa cheupe kimekunjwa vizuri sana, kimetulia. Kilitoa harufu ya marashi ya waridi na juu yake harufu nyingine ya baridi, kali puani. Nikajua ni dawa ya mende.

Nilikikunjua. Kilivuka chumba, kikatoka mlangoni, kikaingia korido. Ilikuwa bafta, pamba tupu, nyeupe ya kuumiza macho. Pembeni haikuwa imepindwa wala kushonwa, na hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi yake. Nilisema, si unaona sasa, mzee kanunua kitambaa kizuri hivi, kakosa wa kumshonea, kakikalia. Maana wazee wetu ndivyo walivyo. Sahani nzuri zinasubiri mgeni, vikombe vya maua vinasubiri sikukuu, mwenye navyo anakunywa kwenye bati. Hata nyumbani kuna taulo ambalo tangu nizaliwe halijawahi kumkausha mtu. Nikasema leo basi, mke wangu atalalia kizuri chake angali na mgongo wa kukilalia.

Naliandika hili kwa sababu watu hudhani nilifanya mzaha. Sikufanya mzaha. Katika maisha yangu yote hicho ndicho kitu nilichokifanya bila mzaha hata kidogo.

Mtaa wa pili kuna fundi cherehani, kijana wa bara, hana muda mrefu Pwani. Alikishika kitambaa kwa vidole viwili. "Bafta safi hii. Umeitoa wapi?"

"Ya mke wangu. Anaibania."

"Nitoe nini?"

"Shuka la kitanda cha futi nne, na foronya mbili. Kinachobaki nirudishie."

"Niweke lesi? Ninayo nzuri, ilibaki kwenye gauni la kipaimara."

"Weka. Anapenda makuu huyo."

Mkasi ulipopita ulitoa sauti nzuri, laini, kama mtu anayetembea kwenye nyasi ndefu. Nilisimama pale nikijipongeza.

Mchana ulipokwisha nilikuwa nimemaliza. Godoro nililigeuza, bonde likaenda chini. Shuka jeupe nililivuta mpaka ungeweza kudundisha sarafu juu yake. Foronya nilizivalisha mito, lesi ikaangalia mlangoni. Blanketi la chai ya maziwa nililikunja miguuni, pembe moja nikaiacha imelegea kidogo, kana kwamba mtu ametoka kuamka kwa furaha, maana kwenye simu walisema usinyooshe sana. Dirishani nikaweka ua la karatasi nililoliazima sebuleni. Nikapiga picha.

Walirudi wamechoka, Bibi ameegemea mkono wa mama. Nilisimama mlangoni kama mhudumu wa hoteli, taulo begani. "Karibu, mke wangu. Chumba namba moja. Malipo ni mapenzi."

Bibi alitabasamu, akaingia hatua moja. Nadhani harufu ndiyo iliyomfikia kwanza, kwa sababu alisimama kabla hajatazama vizuri. Kisha akatazama. Akasogea taratibu, akakaa ukingoni mwa kitanda, akapapasa shuka kwa kiganja, akafika kwenye lesi, akaifuata lesi kwa kidole mpaka kona.

"Mume wangu."

"Naam, mke wangu."

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwenye begi lako. Nikaona unaibania, nikakushonea."

Mama alikuwa amebaki mlangoni. Mkono wake mmoja ulishika fremu. Nilimwona akivuta pumzi kwa pua, mara moja, na uso wake ukaondoka. Sijui niseme vipi. Alikuwepo, uso haukuwepo.

Bibi alianza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe kicheko kilikuwa kinapanda kutoka chini, na kwa sababu ya pumzi zake kilitoka vipandevipande. "Jamani," alisema, "mwanaume kanitilia sanda yangu lesi." Akakohoa, akafuta macho. "Nikifika kule si wataniuliza, we bibi, umekosea njia? Harusi ni nyumba ya pili."

Neno sanda nililisikia vizuri, na ile dawa ya mende nikajua ni kafuri. Nilitazama kitanda changu kizuri, mito yangu inayoangalia mlangoni. Kichekesho kilinijia, kilifika kabisa mdomoni, nikakimeza.

"Nitafumua," nilisema.

"Utafumua, foronya zigeuke tena kitambaa kizima?" alisema Bibi. "Sanda haikatwi kabla ya siku yake, mume wangu, wala haipindwi, wala haishonwi. Mtu anaondoka bila sindano."

Mama alisema, si kwangu, wala sidhani kama ni kwa Bibi: "Alikuja nayo." Halafu akamgeukia mama yake. "Mama, ulikuja nayo na hukuniambia."

"Ningekuambia ungelia. Si unaona sasa?"

Mama alikwenda jikoni. Tulisikia maji yakimwagika kwenye sufuria kwa muda mrefu, na hapakupikwa kitu.

Jambo la ajabu ni kwamba Bibi alilala juu ya shuka lile. Mama alitaka kulitoa, Bibi akakataa, akasema maji yakimwagika hayazoleki na kitanda kimeshatandikwa. Asubuhi nilimpelekea uji nikiwa nimeinamisha kichwa. Akaniambia, "Nimeijaribu. Ni baridi, inateleza. Hofu niliyokuwa nayo imepungua." Nikamkorogea uji ambao ulikuwa umeshakorogwa.

Siku iliyofuata akatangaza anakwenda Kisarawe. Bafta ile alipewa na shoga yake wa tangu utotoni, jirani yake wa kule, aliyekwenda Makka akarudi na jora zima alilolisuuza kwa maji ya Zamzam, akawagawia wenzake wa rika lake. Kilikuwa kimebaki kipande. Mama alimwambia atapiga simu kiletwe.

"Kitu hiki hakiagizwi kwa simu kama unga," Bibi alisema. "Nitakwenda kumwomba mwenyewe, kwa mdomo wangu. Jumamosi nirudi."

"Basi subiri Jumamosi nikupeleke mimi. Ruhusa zangu zote nimezimalizia kliniki, mama."

"Mume wangu atanipeleka. Si yeye fundi?"

Mama alimbembeleza mpaka sauti ikakauka. Safari hii haikusaidia. Kuna jirani yetu ana pikapu, hufuata mananasi Kisarawe. Mama alimwomba, Bibi akakaa mbele kwenye mto, mimi nyuma na begi. Mama alinipa dawa na maelekezo bila kunitazama machoni. Tangu siku ya kitanda alikuwa anazungumza na bega langu. "Ukiona anahema vibaya, nipigie. Usisubiri."

Shoga yake Bibi ni mwanamke mfupi, mnene, anauza maandazi, na mdomo wake haujawahi kulala. Alikuja na kifurushi kwapani. Bibi alimwomba kwa maneno mazito ya kizamani, na yule akajibu kwa uzito uleule, mikono yote miwili mbele. Walipomaliza heshima hiyo wakanigeukia.

"Ndiye huyu fundi?"

"Ndiye. Mtunze. Anashonea mpaka walio hai."

"Na lesi?"

"Ya gauni la kipaimara."

Walicheka wakashikana mabega, wanawake wawili wasio na meno kumi kati yao, na mimi nikacheka pia, kwa sababu niliona huenda nimesamehewa.

Alasiri hiyo Bibi alinifundisha kutandika. Alikaa kwenye kigoda, fimbo mkononi, mimi nikatumwa. Kitanda chake ni cha kamba, na kwanza alinitaka nizikaze, nikakaza mpaka viganja vikachubuka. Juu ya kamba mkeka, ili sufi isichungulie chini. Juu ya mkeka godoro la sufi, nililitoa juani nikalipiga kwa fimbo mpaka likavimba kama andazi la shoga yake. Hakuna kuvuta shuka likakaza, alisema, mtu mzima akigeuka linamnyima. Liache lipumzike. Kumbe hata yeye alikuwa anajua la pembe kulegea.

Shuka lenyewe lilikuwa la kudarizi, limefuliwa mpaka limekuwa laini kama unga. Katikati kulikuwa na ndege.

"Huyu ni kuku?" niliuliza.

"Njiwa. Alishona mama yako, shule ya msingi, somo la mapishi na ushonaji."

"Anaumwa huyu njiwa."

"Mwalimu naye alisema hivyohivyo, mama yako akalia njia nzima. Nikamwambia lete, nitalilalia. Nimelilalia tangu siku hiyo."

Ndege alikuwa na jicho moja kubwa na mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake. Nilicheka, naye akacheka, halafu akanitazama nikichomekea chandarua.

"Mume wangu. Mtu hasafiri na sanda yake kwenda kutembea."

Mikono yangu iliacha ilichokuwa inafanya.

"Nilishaamua kukaa kwa mama yako tangu nafunga begi," alisema. "Nimchoke mwanangu niende wapi?"

"Sasa mbona kila jioni ulikuwa unauliza lini unarudi?"

Alijifunika mdomo kwa kanga kama msichana. "Kubembelezwa kutamu. Wewe hupendi?"

Nilichomekea chandarua upande ule, nikazunguka nikachomekea na upande wa pili, ili nisimtazame. Maana nilikuwa nimeelewa. Chumba hakikuhitaji kutengenezwa. Alikuwa ameshakaa. Mimi ndiye niliyemtoa, kwa tabaka zangu na mito yangu isiyolaliwa.

Siku iliyotangulia Jumamosi, baada ya chai, alisema anajinyoosha kidogo. Mimi nilikaa nje chini ya dirisha lake namenya mihogo, na tukawa tunataniana ukutani. Nilimwambia mihogo yake ina mizizi kama miguu yake. Akasema bora miguu yake imekwenda mahali, yangu inakwenda dukani tu. Nikamwambia nitamwoa shoga yake, ana biashara. Akasema mchukue, anakoroma. Nikasema heri anayekoroma, maana wewe ukilala unataja madeni ya watu. Hakujibu. Nikasema umekasirika, mke wangu. Nikasema basi simwoi, maandazi yake yenyewe yana mafuta. Nikaendelea. Kununa ulikuwa mchezo wake, alikuwa anaweza kununa mpaka uombe radhi, na mimi sikutaka kuwa wa kwanza kushindwa. Nilimaliza mihogo yote ya sufuria nikimtania mtu ambaye hakuwepo.

Nilipoingia alikuwa ubavuni, mkono chini ya shavu, juu ya njiwa mgonjwa.

Mama alipokea simu haraka. Nyuma yake kulikuwa na sauti za ofisi, mtu anauliza funguo. Nilisema, "Mama."

"Usiseme," alisema.

Yule mtu aliendelea kuuliza funguo.

"Uko naye?"

"Niko naye."

"Kaa naye hapohapo. Nakuja."

Waoshaji walimsubiri. Alifika adhuhuri imepita, viatu mkononi, kwa sababu kisigino kilivunjika njiani, akaingia walimokuwa wanawake, mlango ukafungwa. Bafta ya pili haikuwa na pindo wala lesi.

Wakati wa kutoa jeneza shoga yake Bibi alinitafuta kwa macho. Msibani kwetu mjukuu ana kazi. Anatakiwa azuie mlango, adai mkewe, watu wacheke kidogo ndani ya machozi yao, kisha wampishe. "Mjane wa kiume," aliniita, "mbona umepoa? Mkeo anachukuliwa." Baadhi ya watu walishaanza kutabasamu. Mimi nikaenda nikalala mlangoni, chali, kama nilivyowaona wengine wakifanya. Nikasema, "Mke wangu haondoki."

Ilitakiwa ichekeshe. Sauti ilitoka yenyewe, sikuitengeneza. Nikasema tena, na waliokuwa wanatabasamu wakaacha. Hakuna aliyenijibu kwa utani. Mzee mmoja aliinama akanishika kwapani, akaniinua taratibu kama unavyoinua mtoto aliyelala, na jeneza likapita.

Tulirudi Kibaha matanga yalipoanuliwa. Mama alitoa mashuka yote chumbani kwangu, sikuona alipoyapeleka na sikuuliza. Godoro likabaki tupu. Siku zile nilisubiri aniseme. Nilimsubiri mezani, nilimsubiri nikideki, nilimsubiri akinipa nauli ya shule. Nilikuwa nimetayarisha hata namna ya kuinamisha kichwa. Aliniambia tu kula, funga geti, zima taa, kwa ile sauti ya kuongea na bega langu. Ningetamani fimbo.

Jioni moja nilikuwa nimelala juu ya godoro lile tupu, nimegeukia ukuta, jua bado lipo dirishani. Nikasikia amesimama mlangoni. Sikugeuka. Nikauambia ukuta kila kitu. Kwamba Bibi alishaamua kukaa tangu anafunga begi, kwamba maswali yake ya jioni hayakuwa ya kweli, kwamba aliuliza ili abembelezwe, aliona kutamu. Kwamba safari hii aliyemchelewesha mama ni mimi. Nilisema nilimtania akiwa ameshaondoka, na sijui neno gani alilisikia mwisho.

Lori lilipita barabarani, likafuata lingine. Nikasikia anavua kandambili, moja, kisha ya pili. Godoro likabonyea nyuma ya mgongo wangu.

"Sogea," alisema. "Na usinichekeshe."